Mkono Ndani ya Meka

Asubuhi zetu pale Dilala, mtaa mmoja wa Kolwezi, zilifanana. Nilifagia baraza, nikawasha makaa, nikachemsha chai. Mume wangu, Mwalimu Mwenze, alitafuta chaki zake nyumba nzima. Nilimwonyesha ziko mfukoni mwake. Kisha alikwenda shuleni.

Alifundisha darasa la tano katika shule ya kampuni. Nyumba yetu pia ilikuwa ya kampuni. Hata balbu ikiungua, kampuni ilileta nyingine.

Na chakula kilitoka huko huko. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kantini na kadi yangu. Karani alitoboa kadi, nikapewa mfuko wa unga, samaki wa chumvi, mafuta na sabuni. Tuliita posho. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi Ndaya sikuuliza bei ya unga hata siku moja. Ningemwuliza nani? Sokoni nilikwenda kutafuta nyanya tu na sombe, majani ya mihogo, na hapo pia nililipa kile nilichoambiwa. Wauzaji walinipenda sana. Sasa najua kwa nini.

Basi kampuni ikaanguka. Machimbo yake ya shaba yalisimama moja baada ya lingine. Kantini ikafungwa. Walimu wakaambiwa kwamba hakuna posho tena, watapewa pesa tu.

Mwezi wa kwanza Mwenze alirudi na mfuko umejaa noti. Watoto waliruka kwa furaha, na mimi pia. Tulikwenda soko la Manika kuuliza bei ya mahindi. Tulishtuka. Mwenze alisema bei hiyo ni ya wazimu, tungoje kidogo, itashuka. Kwenye kantini posho haikupungua hata mara moja, kwa hiyo nilimwamini. Tulitia noti ndani ya sanduku, tukafunga kufuli, tukasukuma sanduku chini ya kitanda.

Tulingoja wiki tatu, tukila mihogo. Siku ya kufungua, noti zote zilikuwepo. Hata moja haikupotea. Lakini siku ya kwanza zingetupatia mifuko mitatu ya mahindi. Siku ile zilitupatia ndoo moja. Hilo ni kosa la watu wa kampuni, na tulilifanya kwa akili zetu timamu.

Wa kwanza kutucheka alikuwa jirani yetu, Mama Mbombo. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwetu. Aliuza mahindi Manika miaka kumi na miwili. Mume wake, Mwalimu Kabeya, alifundisha shule moja na Mwenze. Wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai zamani kuja kutafuta kazi ya kampuni. Wao wenyewe walizaliwa hapa hapa Kolwezi.

Mama Mbombo alijua bei ya kila kitu mjini. Kusoma hakujua. Ndiyo, mke wa mwalimu. Kila mwaka Kabeya aliahidi kumfundisha wakati wa likizo, na kila likizo alisema amechoka kufundisha. Mganga hajigangi.

Nilipomweleza habari ya sanduku, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alipangusa macho, akanishika mkono.

"Mama Ndaya, feza ya leo iko sawa tomate," alisema. "Ukiifungia mu sanduku, inaoza."

"Sasa tuiweke wapi?"

"Mu mahindi. Siku ya kulipwa, ile ile siku, geuza feza kuwa mahindi, chumvi na sabuni. Mahindi inangojaka. Feza haingojake."

Niliyatia maneno yale kichwani. Mwenze alisema ni kweli, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye hapendi kufundishwa.

Halafu barua ya mwaliko ikafika shuleni kutoka televizyo.

Mwaka ule mji wetu ulikuwa na televizyo ndogo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kila Jumamosi alasiri walionyesha mchezo, jina lake Bei ya Leo. Walimu wawili wa shule mbili walisimama mbele ya meza. Mtangazaji, dada mmoja aitwaye Mignonne, aliweka kitu mezani. Kila mwalimu alisema bei yake ya asubuhi ile sokoni. Aliyekaribia zaidi alipata alama. Mji mzima ulitazama. Mahali penye televizyo moja walikaa watu thelathini.

Zawadi ya mshindi ilikuwa mifuko miwili ya unga, kila mmoja kilo hamsini. Aliyeshindwa alipewa sabuni moja, akanawe aibu.

Shule yetu ilimchagua Mwenze. Sababu ni kwamba wengine wote walikataa.

Tulijaribu mchezo nyumbani. Niliinua sabuni, akasema bei ya mwaka juzi. Niliinua chupa ya mafuta, akanitazama tu. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua unga ndani ya nyumba hautafika mwisho wa mwezi.

Kesho yake alimeza kiburi chake. Alikwenda kwa Mama Mbombo, akavua kofia, akaomba afundishwe.

Wiki mbili tulikwenda Manika kila mchana, baada ya shule. Mwenze alivaa tai, akabeba kikapu. Wanawake wa soko walimwita Direkta wa Nyanya. Alivumilia.

Siku ya kwanza Mama Mbombo alitupeleka mlangoni mwa soko, pale taxi-moto, pikipiki za abiria, zinaposimama. Vijana walikuwa wakiita wateja, bei ya chini, bei ya chini. Mahindi yao yalipimwa kwa meka kama ya watu wote. Meka ni kopo kubwa la bati, kila muuzaji anayo. Mwenze alifurahi sana, maana bei ilikuwa ndogo kuliko ya ndani ya soko. Tayari alikuwa anatafuta pesa.

Mama Mbombo alimzuia. Aliomba meka moja, akamwaga mahindi yote.

"Mwalimu, ingiza mukono. Macho inadanganywaka. Mukono hapana."

Mwenze aliingiza mkono. Uso wake ulibadilika. Tako la meka lilikuwa limepigwa nyundo kutoka nje, likapanda ndani kama mgongo wa kobe. Kwa nje meka ilikuwa nzima. Kwa ndani ilikuwa robo tatu.

Mama Mbombo alituonyesha meka yake mwenyewe. Tako lake lilikuwa sawa kama meza. Alisema bei haimwambii mtu kitu kama hajui kipimo. Kwanza kipimo, kisha bei. Uliza wauzaji watatu, kwa kipimo kile kile, ndipo uguse pesa yako. Kingine alichotufundisha ni kutonunua vilima vidogo vidogo vya kila siku, yaani mafungu ya mahindi yanayopangwa chini. Alimwaga vilima kumi ndani ya meka, na meka haikujaa, lakini bei ya vilima kumi ilikuwa imepita bei ya meka. Mtu anayenunua kidogo kidogo, alisema, ndiye anayelipa zaidi kuliko tajiri. Kama huwezi kununua mfuko peke yako, tafuteni watu wanne, nunueni mfuko mmoja, mgawane kwa meka ya haki.

Mwenze aliandika yote katika daftari. Mama Mbombo aliuliza ameandika nini, naye akamsomea. Alisikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye karatasi, akagusa wino kwa kidole.

Wiki ile ile mambo yakaharibika.

Mmekwisha kusikia habari za mwaka ule. Wakubwa wa mkoa waliwaambia watu wa asili ya Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mama Mbombo hakuwa na kwao pengine. Kwanza Kabeya aliondolewa kazini. Kisha, siku ya Jumatano, kundi la vijana lilikuja mlangoni, likawapa saa moja kutoka ndani ya nyumba. Baadhi ya vijana wale Kabeya aliwafundisha kusoma.

Tuliwasaidia kubeba vitu mpaka gare, kituo cha treni. Mimi nilibeba masufuria. Majirani walisimama kwenye milango, wakatazama. Niliona haya kuwatazama, na niliona haya kwamba mimi pia sikufungua mdomo.

Pale gare watu walikuwa mamia kwa mamia, na masanduku, na magodoro, na kuku. Wote walingoja treni. Hakuna aliyejua siku yake. Mvua ya Februari ilinyesha kila alasiri. Familia ya Mama Mbombo, watu sita, ilipata nafasi chini ya ukingo wa paa.

Alinipa meka yake. Alisema treni haina nafasi ya bati, niitunze.

Kila siku nilikwenda kuwaona. Nilipeleka bukari kidogo, ugali wetu. Siku moja nilimkuta Mama Mbombo amekaa, mikono mapajani. Mikono yake haikuzoea kukaa bure. Nilitoa kipande cha chaki cha Mwenze mfukoni mwangu, nikaandika M juu ya sanduku lake jeusi.

"Hii ni M," nilimwambia. "M ya Mbombo. M ya meka. Weye ulitufundisha bei. Mi nitakufundisha kusoma."

Alisema amezeeka. Nilimjibu treni haijafika, kwa hiyo ana nafasi. Alicheka kidogo, akachukua chaki. Kwa siku nane sanduku lile lilikuwa ubao wetu. Mvua ililifuta, tukaandika tena. Kabeya alitutazama, akainamisha kichwa. Nilimwambia afadhali ainame.

Lakini chakula chao kiliisha. Chetu pia kilikaribia kuisha, na mshahara ulikuwa haujaja. Ijumaa nilipeleka kikombe kimoja cha unga kwa watu sita. Mama Mbombo alikipokea kwa mikono miwili kama mfuko mzima. Nilirudi nyumbani nikilia njiani. Nilimwambia Mwenze wazi: kesho usiposhinda, sijui watu wale watakula nini, na sijui sisi tutakula nini. Alfajiri ya Jumamosi aliondoka kwenda Manika na daftari lake, akarudi saa nne viatu vimejaa matope.

Studio ilikuwa ndogo na joto. Mimi nilikaa kwenye benchi na watazamaji. Mpinzani wa Mwenze alikuwa Mwalimu Banza wa shule moja ya Manika. Alifundisha hesabu. Alikuja na mashine ya kuhesabu na karatasi yenye thamani ya dola ya kila siku. Kabla ya kujibu alibofya mashine, akafikiri, akabofya tena. Nilimwogopa mtu yule.

Sabuni, Banza alipata. Chumvi, Mwenze. Mafuta ya ngazi, haya ya mawese, Banza tena, kwa tofauti ndogo sana. Samaki wa chumvi, Mwenze. Wakawa mbili kwa mbili. Mignonne alitangaza kwamba kitu cha mwisho ndicho kitaamua. Akaleta meka imejaa mahindi, akasema aliinunua mwenyewe asubuhi pale Manika.

Asubuhi ile meka ndani ya soko ilikuwa milioni moja na laki mbili. Mwenze aliniambia tangu nyumbani. Banza hakubofya hata mashine. Alijibu mara moja: milioni moja na laki mbili.

Ikawa zamu ya Mwenze. Alitazama meka. Nilitaka kupiga kelele, sema, sema, unangoja nini?

"Dada Mignonne," alisema, "minaomba kuingiza mukono."

Watu walicheka. Mignonne naye alicheka, lakini alikubali. Mwenze alikunja shati, akapenyeza mkono taratibu katikati ya mahindi mpaka kwenye kiwiko. Alifunga macho. Kisha akatoa mkono, akapangusa vumbi.

"Hii meka haitoke ndani ya soko. Inatoka pa mulango, pale taxi-moto banasimama. Tako yake balipiga nyundo. Niliuliza kule asubuhi: bei ni milioni moja."

Mignonne alitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena. Akainua kichwa, akasema: milioni moja.

Sijui niliruka namna gani. Najua tu kwamba benchi lilianguka. Mignonne alikuwa bado anashangaa. Aliona amenunua kwa bei nzuri. Mwenze alimwaga mahindi mezani, akainamisha meka mbele ya kamera, mji mzima ukaona kilima kile ndani yake. Alieleza kama anavyoeleza darasani. Meka hii ni robo tatu. Robo tatu kwa milioni moja, basi meka nzima ingepita milioni moja na laki tatu. Ndani ya soko meka nzima ni milioni moja na laki mbili. Kwa hiyo dada ameepa bei kubwa, akaangukia kubwa zaidi. Cha rahisi ni ghali.

Banza alibofya mashine yake. Akatikisa kichwa, akasema hesabu ni sawa.

Hapo Mignonne aliuliza swali la kawaida, lile alilomwuliza kila mshindi.

"Mwalimu, nani alikufundisha?"

Nilishika magoti yangu. Wiki ile hakuna mtu aliyetaja jina la Kasai hadharani, ila kwa kutukana. Angeweza kusema mke wangu. Angeweza kusema Mungu, hakuna ambaye angembishia. Mwenze alinitazama mimi, kisha akatazama kamera.

"Ni Mama Mbombo, bibi ya Mwalimu Kabeya. Aliuzisha mahindi mu Manika miaka kumi na mbili, na meka yake haikukuwa na nyundo. Sasa eko pa gare, analala inje na batoto. Batu mingi munamujua. Mulikula mahindi yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mignonne alishusha kipaza sauti. Banza ndiye aliyesema, polepole, kwamba mama yake mzazi alinunua kwa mama yule miaka yote. Basi wimbo wa kufunga ukapigwa.

Jumapili asubuhi tulifunga mfuko mmoja juu ya baiskeli, tukausukuma mpaka gare. Nilidhani tutakuwa peke yetu. Tulikuta wanawake watatu wa Manika wamesimama mbele ya Mama Mbombo. Mmoja alileta samaki, mmoja maharagwe. Wa tatu alileta chumvi, akaiweka chini, akaondoka bila neno, akilia. Mchana walikuja wengine. Hawakuwa wengi. Lakini watu wa gare walikula siku ile, na si familia moja tu.

Siwafichi, Jumatatu mtu alitupa jiwe kwenye mlango wetu. Direkta wa shule alimwita Mwenze, akamwambia maneno makali kuhusu mdomo wake. Kazi hakumnyang'anya. Nilipumua.

Alhamisi treni ilifika. Walipanda wote sita, na unga wao uliobaki, na sanduku jeusi. Mama Mbombo alitoa kichwa dirishani, akaniambia nimsalimie Direkta wa Nyanya. Treni iliondoka kuelekea Tenke. Nilibaki nimesimama na meka yake mkononi, maana nilikuwa nimeileta kumrudishia, naye akaikataa.

Tangu hapo nyumba yetu imebadilika. Familia nne za walimu tulikubaliana. Siku ya mshahara hatulali na noti. Mchana ule ule tunakwenda pamoja sokoni, tunauliza watu watatu, tunanunua mifuko, tunagawana barazani kwetu kwa meka ya Mama Mbombo. Baada ya mavuno tulituma mtu Lubudi kununua kwa wakulima wenyewe, na bei ilikuwa nusu. Watoto wetu sasa wanakula asubuhi na jioni. Sanduku la chini ya kitanda limejaa mahindi. Kufuli bado lipo, kwa ajili ya panya wa miguu miwili.

Na wale vijana wa mlangoni mwa soko? Kila mteja alikuja akaingiza mkono. Hata watoto waliotumwa waliingiza mkono. Wiki haikuisha, tukasikia nyundo zikigonga. Walikuwa wanarudisha tako la meka mahali pake.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Kutoka kwa Mama Mbombo hatukupata habari. Tulisikia mambo mabaya ya safari ile, watu kufa njiani, watoto kupotea. Mwezi ulipita, wa pili, wa tatu. Niliogopa kuuliza.

Mwezi wa nne, mfanyakazi mmoja wa reli alibisha hodi. Alinipa bahasha kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Juu yake niliona mwandiko mzuri wa Mwalimu Kabeya. Nilipasua bahasha vibaya kwa haraka.

Ndani mwandiko haukuwa wake. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimepita mstari. Kila M ilikuwa nene, kama mtu aliyeiandika aliikandamiza kwa nguvu zake zote.

MAMA NDAYA. TULIFIKA BOTE SITA. MI NJO NAANDIKA. MEKA NI NGAPI KWENU LEO.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika! Nilikaa chini hapo hapo mlangoni. Nilicheka, nikalia, nikaisoma mara tano. Wote sita. Niliita Mwenze, naye akaisoma kwa sauti, akarudia neno sita mara mbili.

Alileta kalamu na karatasi ili tujibu. Nilimwambia angoje. Nilichukua meka, nikafunga kitambaa kichwani, nikashika njia ya Manika kuuliza wauzaji watatu, nisije nikamwandikia bei ya jana.